Mashahidi Watatu: Kiwanda Kikifungwa, Nani Anastahili Kushikwa Mkono?

Mwaka 2002 Bunge la Marekani lilipoifanyia marekebisho sheria ya kuwasaidia wafanyakazi wanaopoteza kazi kwa ajili ya bidhaa za kutoka nje, lilitia humo kifungu kisichojulikana sana Kitengela, Kenya, ingawa kinaihusu Kitengela moja kwa moja. Kampuni ikihamishia uzalishaji wake katika nchi inayofaidika na AGOA, mpango wa Marekani wa kuziruhusu bidhaa za Afrika kuingia bila ushuru, kilisema, wafanyakazi iliowaacha nyuma wanaweza kustahili msaada wa serikali kwa sababu hiyo, bila kudaiwa takwimu za bidhaa zilizoingia nchini. AGOA, mpango ulioijaza EPZ (eneo la viwanda vya kuuza nje) ya Athi River viwanda vya nguo tangu mwaka 2000, ukawa umetajwa kwa jina katika sheria ya Washington miongoni mwa mambo yanayomponza mfanyakazi. Suruali aliyoishona binti anayepanga chumba kimoja Kitengela iliweza kuwa, ng'ambo ya bahari, hoja ya mtu mwingine kudai fedha za serikali yake.

Silisemi hili kwa kinyongo. Fundi wa Carolina Kaskazini aliyepoteza kazi ana kodi ya nyumba na watoto kama fundi wa Athi River. Linalonishughulisha ni kwamba siku laini ya kushona ya binti yule itakapozimwa, sijui yeye ataandikwa katika sheria gani, wala nani atasimama kumtolea ushahidi.

Nimechagua kulitazama jambo hili kutoka Oltepesi, si kutoka getini EPZ. Oltepesi ni kituo kidogo kwenye barabara ya Magadi. Unaipita Kiserian, unateremka Bonde la Ufa mpaka sweta uliyovaa Nairobi inakuwa mzigo, ndipo unafika: maduka machache, pikipiki zimeegeshwa chini ya mgunga, mbuzi wanavuka lami kwa wakati wao, malori yanapita kwenda na kutoka Magadi. Kiwanda hakuna. Lakini vijana wa huku ni miongoni mwa wanaokwenda kutafuta kibarua Kitengela na Athi River, na huku ndiko wanakorudi kibarua kikiisha. Kiwanda kikifungwa, hasara haibaki getini. Hupanda matatu ikarudi nyumbani kwa mzee ambaye hajawahi kusikia neno AGOA.

Kilomita chache mbele ni Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walifukua mashoka ya mawe kwa wingi katika miaka ya 1940. Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba yapata miaka 320,000 iliyopita watu wa hapo walikuwa wameshayaacha mashoka hayo mazito na kushika vifaa vidogo, vingine vya jiwe la obsidiani lililoletwa kutoka makumi ya kilomita. Bidhaa za kutoka mbali zina historia ndefu kwenye barabara hii, na fundi wa mashoka sidhani kama alipewa fomu ya kujaza.

Fomu ya Wamarekani ilianza mwaka 1962, enzi za Rais Kennedy. Hoja yake ilikuwa ya haki kabisa: ushuru wa forodha ukishushwa, nchi nzima inanunua kwa bei nafuu, lakini hasara inawaangukia wachache. Basi wanaofaidika wawafidie wanaoumia. Vyama vya wafanyakazi viliunga mkono kulegezwa kwa biashara vikitegemea ahadi hiyo. Ahadi ikawa hewa. Ili kupata chochote, wafanyakazi walitakiwa kuonyesha kwamba bidhaa zimeongezeka kutokana na punguzo la ushuru ambalo serikali yao ilikubaliana na nchi nyingine, kisha waonyeshe kwamba bidhaa hizo ndizo sababu kuu ya wao kuachishwa. Mpaka mwaka 1969 hakuna kundi hata moja lililofaulu. Miaka saba ya sheria, na waliosaidiwa ni sifuri. Viongozi wa wafanyakazi huko wakauita mpango huo bima ya mazishi, nao walikusudia tusi. Kwetu, ambako bima ya mazishi inauzwa na kununuliwa kwa hiari, tusi hilo lingepita bila kumgusa mtu.

Sheria ya mwaka 1974 ililegeza masharti. Tangu hapo wafanyakazi watatu walitosha kupeleka ombi katika Wizara ya Kazi kwa niaba ya wenzao wote. Chama chao kingeweza kufanya hivyo pia, na baadaye hata mwajiri. Mchunguzi wa serikali alichukua jalada, akawaandikia wenye kiwanda na wateja wao, akauliza maswali matatu makubwa. Je, idadi ya kutosha ya wafanyakazi wameachishwa au wako hatarini kuachishwa? Mauzo au uzalishaji umeshuka? Na bidhaa za nje zinazofanana na za kiwanda hiki zimeongezeka kiasi cha kuchangia kwa uzito kuporomoka huko? Hazikuhitajika tena kuwa sababu iliyozidi nyingine zote. Kundi likipita, kila mmoja wake aliweza kuomba posho ya kila wiki iliyoendelea baada ya mafao ya kawaida ya kukosa kazi kwisha, mafunzo ya kazi mpya kwa gharama ya serikali, na nauli ya kuhamia kwenye ajira nyingine. Baadaye, waliotimiza miaka 50 wakakubali kazi ya mshahara mdogo waliweza pia kujaziwa nusu ya tofauti kwa muda.

Mwezi wa Julai 2003 kampuni ya Pillowtex, watengenezaji wa taulo na mashuka, ilifunga milango Kannapolis. Katika jimbo la Carolina Kaskazini peke yake watu wapatao 4,800 walipoteza kazi kwa mpigo. Walikubaliwa kuwa wameponzwa na bidhaa za nje, na wengi wakaingia darasani katika chuo cha jamii cha hapo. Wengi wao walikuwa wameanza kazi wakiwa vijana bila kumaliza sekondari, kwa hiyo mama wa miaka 50 alianza upya na hesabu za sehemu ili apate cheti ambacho kiwanda hakikuwahi kumdai.

Je, ilisaidia? Tathmini kubwa iliyotolewa mwaka 2012 ilionyesha kwamba miaka minne baadaye walioshiriki walikuwa bado wanapata kidogo kuliko wenzao waliofananishwa nao. Baadaye mwanauchumi Benjamin Hyman alikuja na njia ya werevu. Aliona kwamba wachunguzi wa wizara hawakuwa sawa: wengine wepesi kukubali, wengine wagumu, na majalada yaligawiwa kati yao karibu kama bahati nasibu. Akawalinganisha wafanyakazi waliofanana hali, tofauti yao ikiwa ni nani alilishika jalada lao. Waliosaidiwa wakapata mafunzo walikuwa, katika miaka kumi, wamejipatia jumla ya dola 50,000 hivi zaidi ya wenzao. Mimi linanigusa zaidi lile la bahati nasibu. Msaada uliojengwa juu ya ushahidi ulihitaji ushahidi mzito kiasi kwamba tabia ya mtu mmoja aliyekaa ofisini iliweza kuamua miaka kumi ya maisha ya mwingine.

Ipo pia kazi ya David Autor, David Dorn na Gordon Hanson ya mwaka 2013 juu ya bidhaa za China zilivyoipiga miji ya viwanda ya Marekani. Waligundua kwamba fedha za mpango huu zilikuwa kidogo sana zikilinganishwa na mafao ya ulemavu yaliyopanda katika miji hiyohiyo. Waliokosa kupita mlango wa kuuliza "nini kilikuponza?" walizunguka wakaingia kwa mlango wa kuuliza "u hali gani?" Tarehe 1 Julai 2022 muda wa mpango ulikwisha, na wizara ikaacha kupokea maombi mapya na hata kuamua yale yaliyokuwa mezani. Sheria ya miaka 60 ilikwama kwa kuwa wanasiasa hawakuelewana juu ya kuirefusha.

Sasa tuchukue masharti hayo ya Wamarekani tuyajaribishe kwenye ajira zinazoigusa Oltepesi.

Tuanze na EPZ. Kwenye laini ya kushona, opereta hashoni suruali. Anashona mfuko wa nyuma wa kulia, au anatia zipu, au anafunga mshono wa ndani ya mguu, kisha bunda la vipande linakwenda kwa anayefuata. Ubaoni pameandikwa tageti ya saa, supavaiza anapita akihesabu, na anayechelewesha anaichelewesha laini nzima. Baada ya miaka kadhaa mtu anakuwa hodari wa ajabu wa kutia zipu, ujuzi ambao fundi cherehani wa Kitengela sokoni hana haja nao, kwa sababu yeye anataka mtu wa kukata na kumaliza gauni zima. Nguo hizo, kwa asili ya EPZ, zinashonwa ili ziuzwe nje. Zikikosa soko, si kwa sababu kuna suruali za kigeni zilizoingia Kenya. Tarehe 1 Januari 2005 mfumo wa dunia wa mgao wa nguo ulipokoma, China ikaruhusiwa kuuza bila kizuizi kile cha zamani, na viwanda kadhaa vya nguo vya Kenya vikafunga au kupunguza watu. Kila muda wa AGOA unapokaribia kwisha, kama ilivyokuwa Septemba 2025, hofu ni ileile. Kwa sheria ya Marekani opereta huyu angekataliwa: aliyepoteza soko la nje si aliyeponzwa na bidhaa zilizoingia ndani.

Magadi ni vivyo hivyo. Kampuni ya Tata Chemicals Magadi, ambayo mizizi yake ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911, huvuna magadi ziwani na kuuza sehemu kubwa ng'ambo, kwa watengeneza vioo na wengineo. Mwaka 2014 ilikifunga kiwanda chake cha magadi ya daraja la juu, gharama za nishati zikiwa kubwa mno kwa bei ya soko. Katika soko hilo mmoja wa washindani wakubwa ni magadi yanayochimbwa Wyoming, Marekani. Aliyeachishwa Magadi hana pa kuonyesha meli iliyoingia Mombasa ikamharibia. Kilichomwangusha kimetokea katika hesabu ya mnunuzi aliye mbali, aliyelinganisha bei mbili na kuchagua moja.

Wa saruji peke yake ndiye anayeukaribia mlango. Athi River ni mji wa saruji, na mawe ya chokaa ya East African Portland huchimbwa Kajiado. Kwa miaka mingi wenye viwanda wamevutana juu ya klinka, malighafi ya saruji, ya kutoka nje: wanaosaga tu wanaitaka iingie kwa bei nafuu, walio na tanuru za kuichoma hapa nchini wanataka itozwe ushuru. Hata hivyo chunguza jalada lenyewe. ARM Cement iliwekwa chini ya wasimamizi Agosti 2018, lakini ilikuwa imejitwika madeni makubwa ya upanuzi, hadi kiwanda cha Tanga. Portland ilipotangaza mwaka 2019 kwamba nafasi zote za wafanyakazi zitafutwa na watu waombe upya, ilikuwa na matatizo yake ya miaka ya usimamizi na fedha. Mchunguzi wa Washington angekuna kichwa: klinka ya nje ilichangia, lakini kwa uzito gani? Na wakati anakuna kichwa, mtu wa zamu ya usiku anaendelea kudaiwa na duka.

Sheria ya Kenya haina kigugumizi hicho, kwa sababu haiulizi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi au kwa mfanyakazi mwenyewe, pamoja na afisa wa kazi, achague wa kuondoka kwa kuangalia muda waliofanya kazi, ujuzi, uwezo na uaminifu, kisha amlipe kila mmoja mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Iwe ni China, ukame, au mwenye kiwanda amechoka, malipo ni yaleyale. Tuseme opereta anapata shilingi 16,000 kwa mwezi na ametimiza miaka sita. Kwa hesabu ya nusu mwezi, kila mwaka ni 8,000, jumla 48,000. Akitoa kodi ya chumba, karo ya muhula mmoja na madeni ya duka, salio halifiki Krismasi.

Tatizo la kifungu hicho ni mlipaji. Sheria inamtwika mzigo mwajiri, na mwajiri anatwikwa wakati uleule anaposhindwa kusimama. Kiwanda kikianguka chini ya wasimamizi, mfanyakazi anapanga foleni na wadai wengine. Akiba yake katika NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ipo, lakini kukosa kazi peke yake hakuifungui. Lazima angalau afikishe miaka 50. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, unatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, kwa kaya zinazolea yatima, na kwa wenye ulemavu mkubwa. Mwanamke wa miaka 34, mzima wa afya, ana wazazi na ana mikono, haingii popote. Serikali inamwona ana nguvu za kutosha kuendelea mwenyewe.

Tanzania wameligusa tatizo hili kidogo. Wafanyakazi wa huko, hasa wa migodini, walipigana kwa miaka juu ya fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yao mkataba ukiisha badala ya kungoja uzee. Sheria ya mwaka 2018 ya mfuko wa watumishi wa umma ikaja na fao la kupoteza ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Wengi hawakuridhika, na ninawaelewa, maana walitaka fedha zao na wakapewa kipande. Hata hivyo fao hilo halimuulizi mtu ni nani aliyemharibia. Linamuuliza kama alichangia na kama sasa hana kazi, basi.

Turudi Oltepesi, kwa mzee ambaye mwanawe amerudi.

Wamaasai wana utaratibu unaoitwa ewoloto. Mtu aliyepoteza mifugo hukusanyiwa mingine na ndugu na watu wa ukoo, huyu mtamba, yule mbuzi, mpaka boma lake liweze kusimama tena. Ulionekana kuwa imara kiasi kwamba mradi wa Ereto uliofadhiliwa na Denmark huko Ngorongoro, ulioanza mwaka 1998, uliujenga mpango wake wa kugawa mifugo juu yake: wenyeji wenyewe waliamua nani maskini kweli. Waborana wa kaskazini wana busa gonofa, ambayo hujadiliwa katika mkutano wa ukoo. Hapo swali la chanzo linaulizwa pia, kwa sababu aliyemalizwa na ukame na aliyeuza ng'ombe akanywea hawasemewi kwa sauti moja. Lakini anayeuliza alikuwepo. Aliyaona majani yakikauka, alimwona mtu akiwapeleka ng'ombe mbali, na anajua alirudi na wangapi. Ushahidi hauandikwi kwa kuwa mashahidi ndio waamuzi.

Pwani, na katika misikiti ya Kitengela vilevile, kuna mapokeo ambayo ningependa mchunguzi yule wa Washington angeyasoma. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Kabisa bin Mukhariki, aliyemwendea Mtume kuomba msaada kwa sababu alijitwisha dhamana ya deni la watu. Aliambiwa asubiri zaka ifike, kisha akafundishwa kwamba kuomba kunaruhusiwa kwa watu wa aina tatu: aliyebeba dhamana kama yeye, mpaka ailipe, aliyepigwa na janga likaangamiza mali yake, mpaka apate cha kumsimamisha, na aliyefikwa na ufukara, mpaka watu watatu wenye akili katika watu wake waseme kuwa kweli amefikwa.

Watatu! Marekani nako ni wafanyakazi watatu wanaotia sahihi. Kuna kinyume hapo kinachofikirisha. Kwa Wamarekani sahihi tatu zinafungua jalada tu. Baada yake wageni wanachunguza takwimu. Kwa Kabisa mashahidi watatu wanalifunga, na sharti ni wawe watu wake mwenyewe, wanaomfahamu. La pili ni zito zaidi. Katika hadithi ile aliyepigwa na janga hatajiwi shahidi, nami naelewa ni kwa sababu janga halifichiki: mafuriko yakipita, kila mtu ameona. Anayehitaji kushuhudiwa ni aliyefukarika kimyakimya. Sheria ya Marekani ilifanya kinyume. Ilitumia nguvu zake zote kuthibitisha janga, jambo ambalo mji mzima wa Kannapolis ulikuwa umeliona kwa macho, na ikawaacha nje waliofukarika bila janga lenye jina.

Lakini nisiyapambe mapokeo ya nyumbani kupita kiasi. Ewoloto hufanya kazi ikiwa wengine wamebaki na mtamba wa kutoa. Mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu kuanzia mwaka 2020 hadi 2023, Kajiado iliona boma la mtoaji na boma la mwombaji yakibaki na ngozi sawasawa. Kiwanda kina udhaifu huohuo, labda mkubwa zaidi. Wanawake wa laini moja huwa na chama: kila mwisho wa mwezi wanachanga, mmoja anapokea. Chama hicho kinamtosha anayeuguliwa na mtoto, anayefiwa, anayetaka kununua godoro. Siku laini inafungwa, wachangaji wote wanakuwa waombaji mwezi mmoja, na aliyekuwa zamu ya kupokea ndiye anayelia zaidi, kwa kuwa alishawapa wenzake wote. Ukoo na chama vinambeba mtu mmoja aliyeanguka. Havijaumbwa kuibeba laini nzima.

Hapo ndipo ninapoona Wamarekani walikuwa na jambo, pamoja na fomu zao zote. Walielewa kwamba hasara ya kiwanda ni ya kundi, hivyo ombi likawa la kundi na fedha zikatoka mfuko wa taifa, mbali na mahali moto ulipowaka. Ulaya nao walianzisha mfuko wa namna hiyo mwaka 2007, ila wanaoomba ni serikali za nchi wanachama. Mwanzo walitaka walioachishwa wafike 1,000, wakashuka hadi 500, na tangu mwaka 2021 ni 200. Siku hizi chanzo hakina uzito waliokuwa wakikipa. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa pigo. Ni mfumo wa busara, japo mfanyakazi mwenyewe hana pa kutia sahihi, na kiwanda cha watu 120 katika mji usio na kiwanda kingine kinaweza kubaki nje.

Kwa nini basi kuuliza chanzo hata kidogo? Kuna wanaosema tusaidie kila aliyekosa kazi, yaishe. Nakubaliana nao nusu. Nusu nyingine ni kwamba swali la chanzo, likiulizwa mahali pake, hubadilisha jina la fedha. Ninayesaidiwa kwa kuwa maskini napokea huruma. Ninayefidiwa kwa kuwa serikali ilifungua mlango, wengine wakapata saruji na nguo nafuu na mimi nikapoteza kazi, ninadai deni. Wazo la mwaka 1962 lilikuwa hilo, na lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kumpa mfanyakazi kazi ya kulithibitisha deni, mmoja baada ya mwingine, mbele ya mtu mwenye jalada.

Nchini Kenya deni hilo limeshathibitishwa, na si na wafanyakazi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka ushuru mpya wa kukuza uuzaji nje na uwekezaji, ikatoza klinka ya kutoka nje asilimia 17.5, pamoja na baadhi ya vyuma. Serikali haiwezi kutoza kitu namna hiyo bila kukiri kwamba kinaumiza uzalishaji wa hapa. Chanzo kimeshaandikwa katika jedwali la ushuru, pamoja na namba ya bidhaa. Makusudi ya fedha hizo pia yametajwa: kukuza viwanda, kuongeza mauzo ya nje, kuunda ajira, kuokoa fedha za kigeni, kuvutia uwekezaji. Mwenye tanuru ya klinka amepata kinga. Hazina imepata fungu. Ajira zitakazoundwa zimekumbukwa, ambazo hakuna mtu bado anazishikilia. Ajira zilizokwisha kupotea hazimo.

Ningeanzia hapo. Sehemu ya ushuru huo iwekwe kando kwa walioachishwa katika tasnia ileile inayotozwa, na iwafuate bila wao kudaiwa ushahidi wa bei ya klinka, kwa kuwa serikali yenyewe ndiyo shahidi. Hali ya kila mmoja iulizwe na wanaomjua. Notisi ya kifungu cha 40 inakwenda kwa afisa wa kazi tayari, hivyo kuna jina na tarehe. Chama cha wafanyakazi kipo. Na kwa aliyerudi Oltepesi, chifu na wazee wanajua kama amerudi na fidia au mikono mitupu. Opereta wa EPZ na mtu wa Magadi watabaki nje ya fungu hilo, maana bidhaa zao hazina ushuru wa kuwatetea, na kwao naona njia ya Tanzania ndiyo yenye maana: fao dogo la miezi michache kutokana na michango yao wenyewe, lisilouliza kama ni China, Wyoming au mnunuzi aliyebadili nia. Theluthi moja ya 16,000 ni 5,300 na ushei kwa mwezi. Si nyingi, lakini ni zaidi ya mara mbili ya Inua Jamii, na inaanza mwezi mtu anapoihitaji.

Wenye viwanda watasema watu wengi hawana miaka ya kuhesabu, kwa sababu wako kwenye mikataba ya miezi mitatu inayokatwa na kuanzishwa upya, au ni vibarua wa siku, na siku 15 kwa mwaka ambao haukukamilika ni bure. Hoja hiyo ni ya kweli na ndiyo inayoniudhi. Marekani wizara ilizoea kuwajumuisha katika kundi moja hata walioletwa kiwandani na mawakala wa ajira, mradi walifanya kazi palepale. Kwetu haihitaji sheria mpya. Kifungu cha 37 cha Sheria hiyohiyo ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu kwa jumla, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi. Afisa wa kazi anayepokea notisi ya kufungwa kwa laini anaweza kuomba daftari la mahudhurio siku hiyohiyo, akahesabu siku kwa kidole, kabla daftari halijapotea.